Waya Zilizofungwa Vizuri Mno

Baba yangu hakuamini kitu chochote kisichofungwa. Mfuko wa unga ukiufungua na kuufunga wewe, yeye alikuja nyuma yako akaufunga upya kwa mtindo wake. Kuku wa sikukuu alifungwa miguu mpaka nikamwonea huruma. Waya za umeme ndizo alizozifunga kwa mapenzi hasa, na ole wako umkatize akiwa katikati ya fundo.

Mazoea hayo aliyatoa kiwandani. Kwa miaka mingi alikuwa fundi umeme kwenye karakana za madini hapa Likasi, enzi ambazo mkubwa wa karakana alipita akifungua makabati ya umeme na kutembeza kiganja juu ya waya. Kiganja kikikwama mahali, kazi ilirudiwa. Waya zote zilitakiwa zilale pamoja, bega kwa bega, zikunje kona kwa wakati mmoja, zifungwe kwa uzi uliopakwa nta, fundo kila baada ya vidole viwili. Baba alikuwa bingwa wa mafundo hayo. Hata alipostaafu, ukifungua chombo chochote katika mtaa wetu wa Kikula ukakuta waya zimelala hivyo, ulijua ni mkono wa nani bila kuuliza.

Mimi ni binti yake, na ni fundi pia. Nina meza sokoni Kikula, natengeneza redio, simu, na ampli, ndivyo tunavyoita huku mashine ya kukuza sauti. Ufundi alinipa yeye, lakini subira hakunipa, na mafundo yangu alikuwa akiyatazama na kuguna.

“Weye unafunga sawa muntu mwenye kukimbia mvula,” aliniambia siku moja, na wateja wawili wakacheka. Nilinuna hadi jioni.

Mama alipofariki, baba alihamia kwangu. Miezi ya kwanza alikaa kwenye kiti akiutazama ukuta. Nikimwekea bukari, ugali wa kwetu, alikula, nisipomwekea hakuuliza. Nilijaribu kumtania, nikajaribu kumkaripia, nikajaribu kumwita mezani kwangu anisaidie. Hakuna kilichofaa. Aliyemtoa kwenye kile kiti ni mama anayeongoza korali ya kanisa letu, jirani yangu, mwanamke wa sauti kubwa na moyo mkubwa zaidi. Alikuja na ampli ya kanisa kichwani, ya zamani, sanduku la chuma lenye kutu, akaitua miguuni pa baba.

“Papa, hii mashini imekufa. Uiamushe.”

Baba aliifungua siku hiyo hiyo. Akang'oa vya ndani vyote, akaagiza transista mpya kutoka Lubumbashi, akaziweka kwenye sanduku lile lile, akapitisha waya mpya na kuzifunga. Ilimchukua majuma matatu. Alipomaliza aliniita nije nione kabla hajafunga kifuniko. Sitasema uongo, ilikuwa nzuri kiasi kwamba nilitoa simu nikaipiga picha. Waya zote, za kuingiza sauti, za kutoa sauti, za umeme, zilitoka nyuma zikaenda mbele katika mkono mmoja ulionyooka, na mafundo yake yalikuwa sawa kabisa.

Kanisa likampa meza ya sauti. Alhamisi kwa mazoezi na Jumapili kwa ibada, baba alivaa shati lililopigwa pasi, akaketi nyuma ya ile ampli, akageuza vitufe kwa vidole viwili. Alianza kula vizuri. Alianza kunikosoa tena, nami sikuwahi kufurahia kukosolewa kama wakati ule.

Miezi sita ilienda salama. Kisha kanisa likapanuliwa, spika zikasogezwa hadi ukuta wa mbali na kupewa waya ndefu, na ampli ikaanza kuzitafuna. Spika ndogo, zile za sauti nyembamba, ndizo zilizokufa. Ya kwanza tukausingizia umeme, maana umeme wa kwetu hubeba hata dhambi zisizo zake. Ya pili baba akasema ilikuwa mbovu tangu dukani. Ya tatu ilikufa katikati ya wimbo wa sifa, sauti za akina mama zikawa kama zinatoka chini ya blanketi, na watu wote wakageuka kumtazama mzee kwenye meza yake.

Kulikuwa na dalili nyingine. Ampli ilipata joto kali hata kabla mtu hajafungua mdomo. Na kila aliyeimba alisikika kana kwamba sauti yake ina mchanga, kama mchele usiochambuliwa. Baba aliileta nyumbani pamoja na waya ndefu, akakagua kila kiungo, akapima kila transista, akabadilisha mbili. Mafundo hakuyagusa. Kwa nini ayaguse? Ndiyo sehemu pekee ya kazi ambayo hakuwa na shaka nayo.

Jumatatu baada ya spika ya tatu, mama wa korali alikuja nyumbani. Alikaa, akakataa maji, nikajua ana neno zito.

“Papa, tuliombea ile mashini,” alisema. “Ikapata moto zaidi.”

Nilicheka. Baba hakucheka.

“Comité imesema hivi,” akaendelea, akimaanisha kamati ya kanisa, sasa kwa sauti ndogo. “Jumapili ikiharibika tena, tutatafuta ingine ampli, na muntu mwingine wa kuiangaria. Minye nilikatala, lakini niko moja, bale bengine beko saba.”

Baba aliitikia kwa heshima na kumsindikiza hadi barabarani. Aliporudi alikaa kwenye kile kiti cha kutazama ukuta. Niliogopa sana, niseme wazi. Ampli si kitu, kanisa linaweza kununua nyingine. Lakini akiondolewa kwenye ile meza kwa aibu, baba yangu hatatoka tena mlangoni, na mimi sikuwa na mama wa korali wa pili wa kuja kumwinua.

Jumatano asubuhi alikwenda kumjulia hali mwenzake wa zamani wa karakana, anayekaa upande wa pili wa mji. Nilifunga meza yangu sokoni, nikarudi nyumbani nikaifungua ampli. Nilikuwa na wazo. Ampli huweza kushikwa na ugonjwa wa kujisikiliza yenyewe. Sauti inayotoka inavuja kidogo na kurudi mlangoni ilikoingilia, inakuzwa, inavuja tena, inarudi, mamia ya maelfu ya mara kwa sekunde moja. Inakuwa inaimba peke yake, kwa sauti ya juu mno kwa masikio yetu. Wewe husikii kitu, lakini transista zinafanya kazi ya punda na spika ndogo zinaungua kimyakimya. Transista za zamani, zile za kizembe, haziwezi mbio hizo. Hizi mpya zinaziweza.

Sina chombo cha kuonyesha mawimbi kwenye kioo. Mafundi wa mezani Kikula tuna masikio, vidole, na redio. Nilichukua redio yangu ndogo ya betri, nikatafuta kwenye masafa ya kati kituo kimoja cha mbali kinachoshikika kwa shida, mtu anazungumza kwa utulivu. Nikaunganisha waya ndefu ya kanisa na spika moja kuukuu nisiyoijali. Nikawasha ampli. Yule mtu wa redio akamezwa na mluzi. Nikazima, akarudi akizungumza. Nikawasha, akamezwa. Ampli ilikuwa inaimba, haina hata kipaza sauti kilichochomekwa, na chumba kizima kiko kimya.

Sasa wapi? Nilichukua mwiko wa bukari, maana ni mti na haupitishi umeme, nikaanza kusukuma kitu kimoja kimoja ndani ya sanduku huku nikisikiliza redio. Transista, hakuna. Soketi za nyuma, hakuna. Nilipobonyeza ule mkono wa waya, mluzi ulipanda. Nikaachia, ukashuka. Nikaingiza ncha ya mwiko kati ya fundo na fundo, nikaitenga waya ya kutoa sauti na ile ya kuingiza, kwa unene wa kidole tu. Mluzi ukakatika, na yule mtu wa redio akasikika akimalizia habari za bei ya mahindi.

Nilirudia mara nyingi. Nilitaka iwe kitu kingine. Lakini ilikuwa ile ile kila mara: waya ya kutoka na waya ya kuingia, zimelazwa shavu kwa shavu kutoka nyuma hadi mbele, zinapitishiana siri njia nzima. Baba ndiye aliyezifunga pamoja, na kadiri alivyozifunga vizuri ndivyo ugonjwa ulivyozidi. Kwa mota za kiwandani hilo halina neno, mota haina masikio. Kwa ampli ile, hasa baada ya kupewa waya ndefu, lilikuwa sumu.

Hapo ndipo nilipofanya ujinga wangu. Badala ya kumngoja baba na kumwambia, nilichukua kondensa ndogo na rezistansi moja, nikazilehemu mahali sauti inapotokea, dawa ya kutuliza. Mluzi ukanyamaza. Nikasikiliza kwa dakika kumi, nikisikiliza mlango pia asije akanikuta, nikafunga kifuniko. Mafundo yake yalibaki kama alivyoyaacha. Nilijiona nina akili nyingi na mapenzi mengi. Wahenga wanasema mficha maradhi kilio humfichua, nami hicho kilio kilinijia kesho yake tu.

Alhamisi kwenye mazoezi nilikwenda pia, nikijifanya nimefuata nyimbo. Wimbo wa kwanza ulitoka safi. Wa pili pia, na mama wa korali akamnyooshea baba kidole gumba. Kwenye wa tatu mchanga ulirudi kwenye sauti. Ampli ilikuwa imepata joto, na dawa yangu haikutosha, jambo ambalo ningelijua kama ningekuwa na subira ya kuijaribu kwa saa nzima. Baba alinusa harufu kabla ya mtu yeyote, akazima haraka. Spika zilipona. Yeye hakupona. Alikaa akiitazama ile ampli na mikono yake magotini.

Ampli ilitangulia kwa mkokoteni, sisi tukafuata kwa miguu hadi karibu na nyumbani.

“Mama,” aliniita hivyo, kwa kuwa nina jina la mama yake. “Nishazeeka. Mikono haiko tena. Jumapili bakamate tu ingine.”

Mzee alikuwa anajilaumu kwa mikono ambayo haikuwa na kasoro yoyote, na mimi niliyejua ukweli nilikuwa natembea pembeni yake nimebeba mfuko wa nyanya. Sijawahi kujichukia hivyo.

Ijumaa, baada ya chai, nilipiga moyo konde. Niliweka ampli mezani na waya yake ndefu, nikaifungua, nikaiacha ikiwaka mpaka ikapata joto na mluzi ukarudi kwenye redio, nikampa baba mwiko.

“Papa, finya apa.”

“Ya nini?”

“Finya tu, papa. Usikilize redio.”

Baba ni mtu wa vipimo. Ukimwambia jambo atalibishia mpaka jua lizame, ukimwonyesha atanyamaza. Alibonyeza, mluzi ukapanda. Akaachia, ukashuka. Akautazama mwiko, akaitazama redio. Akaitenga ile waya kwa ncha, na mtangazaji akatokea akizungumza. Akaiachia, akamezwa. Alifanya hivyo labda mara ishirini.

“Ile fil, ile waya ya kutoka, inaongea na ile ya kuingia,” alisema mwishowe, polepole.

“Ndiyo, papa. Ju ya kulala pamoja.”

“Minye njo niliilalisha.”

“Ndiyo, papa.”

“Ku usine, ku karakana, tulikuwa tunafungaka vile miaka yote. Hakuna motere hata moja ililalamika.”

“Motere haisikilizake, papa. Hii inasikiliza.”

Aliweka mwiko chini. Kisha akaiona kondensa yangu, na mahali nilipolehemu kwa haraka.

“Na hii ni kazi ya nani?”

Nikamwambia yote, ya Jumatano, ya dakika kumi, ya kuficha. Nilitegemea atafoka. Alinyanyuka, akavaa kofia, akatoka. Nilikaa na ile redio inayopiga mluzi, na machozi yakanitoka, kwa sababu nilidhani nimemwua kwa ukweli kama nilivyotaka kumwua kwa uongo. Saa sita ikapita. Saa nane ikapita. Chakula kikapoa.

Alirudi saa tisa na wembe mpya, bado kwenye karatasi yake. Alikuwa amekwenda hadi sokoni, na kama alivyoniambia baadaye, kuketi huko kulimchukua muda mrefu kuliko kununua. Alinipa ule wembe.

“Kata weye. Minye nitashika.”

Nikakata. Fundo la kwanza, la pili, na kuendelea, naye akizishika waya zisianguke, kama mtu anayemshika mtoto kinyozi akifanya kazi. Alihesabu kwa midomo bila sauti. Baada ya la mwisho alipumua, akavuta kiti karibu, na kuanzia hapo alikuwa fundi tena na mimi nikawa wa kuamrishwa. Waya ya kuingiza tuliipitisha kushoto, ikiguswa na kitu chochote alinipiga kikofi kwenye mkono. Ya kutoa tukaipitisha kulia, fupi kadiri ilivyowezekana. Za umeme tukazisokota zenyewe kwa zenyewe. Waya zote za kurudisha umeme kwenye sanduku tukazikutanisha kwenye bolti moja. Kondensa yangu aliiacha, lakini alinifanya niing'oe na kuilehemu upya.

“Ile dawa ilikuwa ya muzuri,” alisema. “Mulehemaji njo wa mubaya.”

Nilicheka mpaka nikashika ubavu. Jumamosi tuliiwasha asubuhi, na safari hii tuliiacha mpaka mchana, redio pembeni, waya ndefu, spika kuukuu. Mluzi haukuja. Transista zilikuwa vuguvugu tu. Lakini ndani ya sanduku kulikuwa na vurugu, waya huku na huku, kila moja na njia yake. Baba aliifunika haraka na kukaza skrubu zote nane, jirani asije akachungulia.

Jumapili kanisa lilijaa. Wanakamati walikaa mstari wa mbele, na mmoja wao alikuwa ameshaniambia mlangoni kwamba wamepata ampli nyingine ya kuazima. Nilikaa nyuma. Korali iliimba wimbo wa kwanza, wa pili, wa tatu, nami kwenye wa tatu nilifumba macho. Wa nne. Wa tano. Sauti za akina mama zilitoka kama zilivyo, nyembamba juu na nzito chini, bila punje ya mchanga, na spika ndogo ya ukuta wa mbali ikataja kila herufi. Mama wa korali alikuwa anaimba huku anamtazama baba na kulia, na hakujali.

Ukafika wakati wa ushuhuda. Kwetu ni saa ya watu waliopona homa, waliopata visa, waliotoka salama kwenye mashimo ya madini huko Kakanda. Baba hakuwahi kusimama hata siku moja. Husema ushuhuda wa fundi ni kazi yake. Siku hiyo nilimwona anaacha meza, anapita katikati, anachukua kipaza sauti.

“Bandugu, Bwana asifiwe.”

“Amina!”

“Minye sisimamaka apa. Leo nasimama. Zile spika zenu tatu, minye njo nilichoma. Haikukuwa courant ya umeme. Haikukuwa shetani pia, mumwache.” Watu wakacheka. “Nilifunga fil ya kutoka pamoja na fil ya kuingia. Nilifunga muzuri sana, njo mambo. Mutoto wangu wa mwanamuke njo aliona, minye sikuona. Mukiwa na kintu ya kutengeneza, mumupelekee yeye.”

Kisha, kwa kuwa alikuwa ameshaanza, akaendelea. Alieleza safari ya sauti kutoka mlango wa nyuma hadi wa mbele. Alieleza bolti. Alipofika kwenye kondensa mzee mmoja aliitikia “Amina!” kwa nguvu, na baba akatiwa moyo akaieleza kondensa mara ya pili. Ilibidi mama wa korali aanzishe wimbo ili aketi. Mimi nilikuwa nimejifunika uso kwa kitenge, nacheka na kulia kwa pamoja, na sikumwonea baba yangu aibu hata kidogo. Nilimwonea fahari. Mstari wa mbele walikuwa wanapiga makofi, hata yule wa ampli ya kuazima.

Nyumbani, baada ya bukari na samaki, aliomba karatasi na kalamu. Nilidhani anataka kuchora mzunguko wa waya, kama afanyavyo akishiba. Alivaa miwani, akaandika kwa muda mrefu, akifuta na kuandika tena. Nilipochungulia niliona ni majina ya mahali. Makanisa mawili ya Kikula. Baa moja. Shule. Kakanda. Kijiji kimoja kando ya ziwa Tshangalele. Na jingine sikuweza kulisoma.

“Ni nini hii, papa?”

“Ampli,” alisema bila kuinua kichwa. “Bantu walisikia ya kanisa ikiwa ya muzuri, bakaniletea zao, weye ukiwa ku soko. Wote niliwawekea transista za mupya.”

Nilijua aliwafanyia watu wawili watatu katika ile miezi ya sifa. Sikujua ni saba. Nilihesabu tena, nikatazama mikono yake, nikaelewa kilichokuwa ndani ya kila sanduku.

“Zote ulifunga?”

“Zote.”

Nikaketi. Nilitaka kukasirika, lakini baba alikuwa tayari anatafuta viatu vyake chini ya kitanda na kuniuliza gari la kwenda ziwani huondoka saa ngapi asubuhi, na kama wembe mmoja utatosha.

“Tuanze karibu, papa,” nilimwambia. “Tuanze na za Kikula.”

“Hapana, tutaanza na ya Tshangalele,” alisema, na akaona haya kidogo. “Ile njo nilifunga muzuri kupita zote.”